Muhuri wa Kandambili

Nilipopewa kazi Bwera, nyumba niliyotakiwa kuitangaza ilikuwa katika ukurasa wa nne. Nasema ukurasa wa nne wa mtandao: ukiandika jina lake kwenye simu na kutafuta, ilibidi upite hospitali mbili, shule za bweni zisizohesabika na kanisa moja la Ulaya lenye mnara mrefu, ndipo uione. Mwenye nyumba alikuwa ameiita kwa jina la mtakatifu anayempenda. Kwa bahati mbaya mtakatifu huyo alipendwa na watu wengi.

Ilikuwa nyumba ya wageni, vyumba kumi na viwili, mwendo mfupi kwa miguu kutoka mpakani. Mwenyewe alikuwa mjane wa Butembo, ng'ambo ya pili ya mpaka, aliyevuka miaka mingi iliyopita kuuza vitenge, akabaki. Sote tulimwita Mama. Wateja wake wa zamani walikuwa wafanyabiashara wenzake wa Beni na Butembo, na hao hawakuhitaji mtandao, walijua mlango. Mama alitaka wageni wa aina nyingine: watafiti, watu wa mashirika, wapanda mlima, wale wanaokaa Kampala na kutafuta pa kulala kabla hawajafunga begi.

"Banafika njia panda ya Kikorongo, banapinda, banaenda kulala kule na tembo," aliniambia siku ya kwanza. "Huku habajui kama kuko kitanda. Nataka mutu akiandika Bwera na kulala, anione. Paje ya kwanza ya mutandao. Nakupa miezi tatu. Ikishindikana, musomi, narudi kwa redio."

Miezi mitatu. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, na muda huo wote nilikuwa kwa mama yangu mjini Kasese, nikipanga upya vyeti vyangu ndani ya bahasha. Nilipompigia simu kumwambia kuna kazi ya majaribio, hakulisikia neno majaribio. Jumapili iliyofuata kina mama wa kanisani kwake walisimama mbele na kutoa shukrani kwa ajili ya meneja mpya wa mtandao. Sikuwa nimesaini chochote, lakini nilikuwa tayari nimeimbiwa.

Nilianza kwa kusoma. Nilisoma kwamba mtandao haumpandishi mtu kwa sababu anajisifu. Unampandisha kwa sababu wengine wanamtaja. Tovuti yenye heshima ikiandika habari zako na kuweka kiungo, yaani mahali ambapo msomaji akibonyeza analetwa moja kwa moja kwako, unapanda. Viungo vingi, sawa. Viungo bora, vizuri zaidi. Na viungo bora, vitabu vyote vilikubaliana, haviombwi ovyo wala havinunuliwi. Unavistahili.

Siku moja wakati wa chakula cha mchana nilimweleza Mama hali yetu kwa sentensi moja niliyoiandaa asubuhi nzima: "Tatizo la nyumba hii ni kwamba haina viungo bora."

Mpishi alikuwa amesimama nyuma yangu na sahani ya samaki. Alikuwa mwanamke wa Hamukungu, aliyezaliwa kati ya ziwa na viboko, na hakuna mtu aliyewahi kumfundisha samaki. Aliweka sahani mezani polepole.

"Kama viungo vyangu si bora," alisema akimwangalia Mama, si mimi, "apike mwenyewe."

Nilieleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana kwamba nimekula kwa wiki nzima nikivumilia. Kwa siku sita zilizofuata nilipewa bundu, yaani ugali wa muhogo, na samaki wa kuchemsha kwa maji na chumvi ya Kabatoro, bila kitu kingine. Sikuuliza. Niliogopa kwamba nikiuliza, chumvi nayo itaondoka.

Mama ndiye aliyerudi kwenye jambo hilo. "Sasa hiyo kiungo yako, kama si ya sufuria, ni nini?"

"Ni mtu mwingine, Mama, mwenye jina lake, anayeandika kwake kwamba anakufahamu, na anaonyesha njia ya kukufikia. Mtandao ukiona watu wa heshima wanakutaja, unakuamini."

Alitafuna kidogo. "Mbona haukusema? Hiyo ni barua ya mwenyekiti."

Kwetu huwezi kupanga chumba, kufungua akaunti benki wala kuomba kitambulisho bila barua ya mwenyekiti wa mtaa. Inasema mambo yale yale kila mara: huyu namfahamu, anakaa kwangu, ana tabia njema. Chini kuna muhuri. Bila muhuri ni karatasi. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilikuwa nimesoma siku nyingi na sikuwa nimekuta maelezo mazuri kuliko hayo. Nikasema ndiyo, ni kama barua ya mwenyekiti. Niliona nimeelewana na mwajiri wangu. Kumbe nilikuwa nimempa kazi.

Mimi nikaendelea na yangu. Niliandika barua pepe kwa kila tovuti iliyowahi kutaja wilaya yetu: za watalii, za wapenda ndege, za shule, za makanisa, za wanaopenda kahawa. Kila barua ilinichukua muda mrefu. Asubuhi moja nzima iliishia katika kuchagua kati ya "Ndugu" na "Mheshimiwa", maana niliona "Ndugu" ni kumzoea mtu na "Mheshimiwa" ni kumwomba. Hatimaye niliandika "Kwa Msimamizi Mheshimiwa wa Tovuti" nikajisikia salama. Hakuna aliyejibu. Niliandika tena kuuliza kama walipata ya kwanza. Kisha nikaona ya pili ilikuwa na sauti ya kudai, nikaandika ya tatu kuomba radhi kwa zile mbili.

Katika wiki ya sita nikapata jibu moja. Lilitoka kwa mtu ambaye sikuwa nimemwandikia. Alisema ameona ninahangaika, jambo ambalo lilinigusa, na kwamba anaweza kuniwekea viungo mia moja ifikapo Ijumaa.

Nilijua kabisa kwamba si ruhusa. Nilikuwa hata nimeandika katika daftari langu, na kupigia mstari, kwamba havinunuliwi. Lakini nilianza kufikiri. Nilijiuliza, ni nini kununua? Mtu akikuwekea bango, si unamlipa? Nilijenga hoja ndefu, yenye pande zote mbili, na nilipofika mwisho wake nilikuwa nimeshalipa.

Ijumaa viungo vilikuja. Tovuti ya kuuza matairi, kwa lugha nisiyoijua, ilisema kati ya tairi na tairi kwamba nyumba yetu ndiyo pa kulala Bwera. Tovuti ya dawa ya minyoo ya mbwa ilisema hivyo hivyo. Ya kamari ilisema mara nane. Wiki iliyofuata tulikuwa katika ukurasa wa pili. Nilimwonyesha Mama. Aliivuta simu karibu na macho, akasoma jina la mtakatifu wake, akasema, "Mersi, musomi," na siku hiyo samaki wangu alikuja na nyanya na kitunguu.

Siku nne baadaye nyumba ilipotea. Haikuwa ukurasa wa pili wala wa nne. Nilishuka hadi wa kumi na tano, nikakuta maduka ya sanamu na mtu mmoja wa Brazili mwenye jina hilo hilo. Mtandao ulikuwa umegundua. Nilikaa mbele ya kompyuta nikijaribu kupata maneno ya kumwambia Mama ambayo yangekuwa kweli bila kuwa wazi.

Ndipo akaingia na bahasha ya kaki, akaimwaga juu ya meza.

Zilikuwa barua. Sita, kila moja na muhuri. Parokia iliandika kwamba inaifahamu nyumba hii na kwamba mwenyewe ni muumini anayeaminika. Ushirika wa kina mama wanaolima matunda ya pasheni uliandika hivyo hivyo. Shule ya sekondari, ambayo timu yake ya mpira wa wavu ilikwama kwetu siku tatu barabara ilipokatika kwa mvua, iliandika kwamba wanafunzi walirudi wote na wakiwa wamenenepa. Ilikuwepo ya chama cha wauza chumvi wa Kabatoro. Ilikuwepo ya mwenyekiti wa mtaa, afisa wa jeshi aliyestaafu, mstari mmoja tu: "Nyumba ipo. Hakuna fujo." Ya sita ilikuwa ukurasa uliochanwa kwenye kitabu cha wageni, maneno ya mtafiti wa ndege kutoka Kampala, na kwa kuwa mtafiti hakuwa na muhuri, Mama alikuwa amegonga wa kwake.

"Nimetembea wiki tano," alisema. "Weka kwa kompyuta. Paje ya kwanza."

Nilimwambia kwamba kompyuta haioni karatasi. Hakushtuka. Kilichomshtua ni uso wangu.

"Iko kitu ingine," alisema. "Sema."

Nikasema. Nilianzia mbali, kwenye maana ya kununua, na akanikatiza kabla sijafika kwenye bango.

"Ngoja. Donke, yaani, ulienda kwa mutu hatumujui, ukamulipa, akapiga muhuri kwa jina yangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Muhuri ya kamambili."

Sikuelewa. Akaniinulia mguu. Alikuwa amevaa kandambili za mpira, za buluu. Akanieleza kwamba zamani, alipokuwa anavuka na vitenge, mpakani walikuwepo watu waliochonga mihuri kwa wembe kwenye soli ya kandambili. Mtu mwenye haraka alinunua barua yenye muhuri huo. Ukiuangalia kwa mbali ulikuwa mzuri. Afisa aliyekuwa na muda aliugeuza kwenye mwanga, akaona kingo zimepinda, na kuanzia hapo hata barua zako za kweli hazikusomwa.

"Nilikuwa na rafiki," alisema. "Alikuwa na barua ya kweli mufukoni, ya parokia. Lakini akatoa ya kamambili kwanza, kwa sababu ilikuwa na maneno mingi. Akarudishwa."

Nilingoja aniambie nifunge begi. Niliona mama yangu akisimama mbele ya kina mama wa kanisani, akitafuta namna ya kuurudisha wimbo.

"Huyo rafiki alifanya nini?" niliuliza.

"Alirudi mwenyewe kwa afisa, mwezi ingine. Akasema: ile haikuwa yangu, niliinunua, nachana mbele yako. Wewe, unaweza kuchana?"

Ajabu ni kwamba inawezekana. Mtandao una mahali pa kupeleka orodha ya viungo unavyovikana. Nilikuwa nimesoma habari hiyo na kuipita kwa kuwa haikuwa na faida kwa mtu mwaminifu. Tulikaa pamoja mchana ule, mimi nikiandika, Mama akinisomea kutoka kwenye simu yangu, matairi, mbwa, kamari. Kila tovuti aliitamka kwa dharau yake ya pekee. Tulipomaliza aliuliza wapi watagonga muhuri wa kupokea. Nikamwambia hawagongi.

"Basi tungoje bila muhuri," alisema, na kwa sauti yake ilionekana kwamba kwa maoni yake mtandao ndio uliokuwa na kasoro.

Kesho yake tulianza kuwazungukia wenye barua. Hoja ya Mama ilikuwa rahisi: karatasi haionekani, sawa, lakini walioiandika wapo, na leo kila ofisi ina mtu wa kompyuta. Parokiani mtu huyo alikuwa katibu, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mama alipoeleza shida yetu, katibu akanigeukia.

"Wewe ndiye wa zile barua? 'Kwa Msimamizi Mheshimiwa wa Tovuti'?"

Nilikiri.

"Nilifikiri ni wale wanaosema mfalme fulani amekufa ameacha dhahabu. Nilimwambia padri, huyu mwizi ana adabu, ameandika mara tatu."

"Ya tatu ilikuwa ya kuomba radhi."

"Hiyo ndiyo iliyonitisha."

"Huyu ni wangu," Mama alisema.

"Ungeandika hivyo tu," katibu aliniambia. "Ungesema wewe ni wa Mama wa vitenge, ningekujibu siku hiyo hiyo. Hilo jina la mtakatifu hapa nani analijua? Ni jina la kibao." Na papo hapo, akitumia vidole viwili, aliandika kwenye ukurasa wa parokia, pale wanapoelekezwa mahujaji na kwaya zinazosafiri. Aliandika jina la nyumba, akaweka kiungo nilivyomwonyesha, kisha akafikiri na kuongeza neno moja la kwake: "Tunamfahamu."

Nilitaka kumshauri kwamba maelezo marefu kidogo yangesaidia. Mama alinikanyaga kwa kandambili.

Ushirika wa pasheni ulikuwa na tovuti iliyojengwa na wafadhili na kusahauliwa. Tulisubiri saa mbili hadi nywila ikapatikana, nyuma ya kalenda. Shuleni mwalimu wa kompyuta aliweka kiungo chetu chini ya picha ya timu ya mpira wa wavu. Mtafiti wa ndege, ambaye sikuwahi kumwandikia kwa sababu nilimwona ni mkubwa mno, alijibu ujumbe wa Mama wa maneno matano kabla hatujafika nyumbani, na wiki ile ile akaandika ukurasa mzima kuhusu ndege wanaoonekana kwenye dirisha la chumba namba saba. Alimtaja na mpishi. Nilimsomea mpishi kwa sauti, hasa pale aliposema hajawahi kula samaki wa namna ile. Akaniomba nirudie. "Kwa hiyo viungo vilikuwa bora," alisema, akaondoka na sufuria yake. Chama cha wauza chumvi hakikuwa na tovuti, ila mwenyekiti wao alituweka kwenye kikundi chao cha simu, katikati ya bei za chumvi. Kwa mtandao haikuwa na maana yoyote. Mama aliifurahia kuliko zote.

Viungo vinne, basi. Niliwaza kwamba nimeshindana na mnara wa Ulaya kwa viungo vinne. Siku zilizobaki nilikuwa natafuta jina letu kila saa, na kwa kuwa nilisoma kwamba simu hukuonyesha unachopenda kuona, niliazima simu ya mpishi, kisha nikaogopa kwamba nayo imeanza kunijua. Tulirudi ukurasa wa tisa, halafu wa tano. Kwaya moja kutoka Fort Portal ilifika ikiwa na watu ishirini na mmoja. Hawakuwa wametafuta chochote, walibonyeza kwenye ukurasa wa parokia. Nilijaribu kumweleza Mama kwamba kitaalamu hao hawahesabiki katika kupanda kwetu. Aliniangalia kwa huruma, akaenda kutafuta magodoro.

Siku ya mwisho ya mwezi wa tatu niliandika Bwera na kulala, mbele yake. Ukurasa wa pili, mstari wa kwanza.

Mama alihesabu kwa kidole. "Kule mbele beko kumi. Donke niko wa kumi na moja."

"Ndiyo, Mama. Samahani."

"Pale mpakani banaingiza kumi kumi. Wa kumi na moja najua kungoja, nilikuwa wa kumi na moja mara mingi." Akafungua droo, akanipa karatasi iliyokunjwa. "Chukua. Itakusaidia."

Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye korido. Iliandikwa kwa mkono wake. Ilisema kwamba yeye, mwenye nyumba, ananifahamu. Kwamba nimefanya kazi kwake miezi mitatu. Kwamba nina tabia njema, na kwamba ni mtu wa kweli kuanzia mwezi wa pili na nusu. Chini, muhuri.

Nimefanya kazi. Hakuandika ninafanya. Kiswahili changu ni cha kamusi na darasani, na darasani tulifundishwa kwamba hiyo -me- ni ya jambo lililokwisha. Nilikaa nayo siku mbili. Nilijiuliza kama watu wa Butembo wanaitumia tofauti. Nilikumbuka sentensi zote za Mama zenye -me- nilizowahi kuzisikia, na zote zilikuwa za mambo yaliyokwisha: ameenda, amekula, amekufa. Nilifikiri kumuuliza, lakini nikaona kwamba mtu aliyefukuzwa kwa upole na kisha akauliza kama amefukuzwa anamlazimisha mwenzake kumfukuza mara ya pili. Siku ya tatu asubuhi nilikuwa nakunja mashati mpishi alipopita mlangoni.

"Unaenda wapi?"

"Nimepewa barua."

Aliichukua, akaisoma, akalitazama begi. Hakucheka mbele yangu. Nilimsikia akifika jikoni. Dakika moja baadaye Mama alikuwa mlangoni.

"Ulisoma mupaka chuo kikuu," alisema, "na barua ya kupeleka kwa mwenyekiti hauijui? Mutu analala kwangu miezi tatu haandikishwe, mwenyekiti akiniuliza huyu ni nani, nitajibu nini? Ni wa majaribio? Majaribio imeisha. Rudisha mashati."

Nilikwenda kwa mwenyekiti mchana ule. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi, mgongo umenyooka.

"Simama hapo. Wewe natoka wapi?"

"Kasese, afande."

"Kasese iko kubwa. Kasese ya nani?"

Nikampa barua. Aliisoma mara mbili, akaishia kwenye mwezi wa pili na nusu, akanitazama, akaamua kutouliza. Kisha akatoa simu yake.

"Iko nyumba gani hii? Banasema iko kwa mtandao." Aliandika polepole. Nilisimama nikisikia kila herufi. Akatembeza kidole, akatembeza tena. "Ukurasa ya pili."

"Mstari wa kwanza, afande."

"Kwa nini si ya kwanza?"

"Tunangoja, afande."

Ilionekana jibu hilo analijua tangu jeshini. Aliniandikisha kwenye kitabu chake cha wakazi, akaniandikia barua yangu, akapumulia muhuri na kuugonga. Aliponipa, macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye kingo.

"Unaangalia nini?"

"Hakuna kitu, afande."

Zilikuwa zimenyooka. Nilipofika barabarani niliigeuza karatasi kwenye jua nikaangalia tena.